Kutoka Chiwanda, Nikifuata Rangi ya Buluu

Mjomba wangu alianguka asubuhi, akiwa amekaa mchangani anashona wavu. Sindano ya wavu ilimtoka mkononi. Akaitazama ilipoangukia, akataka kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Alipofungua kinywa kuita, maneno yalitoka mazito, yamevurugika. Waliokuwa karibu wakamlaza kwenye mkeka chini ya mwembe. Wazee wakasema amepigwa na upepo. Vijana wakasema ni presha. Wote walikuwa wanalizungumzia jambo moja: kiharusi.

Siku ile hakuonekana mtu wa kufa. Alinitambua, akanibana vidole kwa mkono wa kushoto, akanywa uji kidogo. Siku ya pili alilala mno, na jioni yake ndipo tulipomfikisha hospitali. Siku ya tatu aliitwa hakuitika, na pumzi yake ikawa inakwenda na kusimama. Siku ya nne akatutoka. Tabibu alikaa nasi kwenye benchi la nje, akatuambia kwa upole: ubongo umevimba.

Neno hilo lilirudi nami Chiwanda na halikuniacha. Kama kiharusi ni pigo moja, na pigo lile lilitua asubuhi ile pale mchangani, kwa nini limuue siku ya nne? Katikati ya siku hizo kulikuwa kunatendeka nini ndani ya kichwa cha mtu ambaye, siku ya kwanza, bado alikuwa ananijua?

Chiwanda ni kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Mbamba Bay, jirani na mpaka wa Msumbiji. Tangu mwaka 2012 ipo wilaya ya Nyasa, lakini waliozaliwa zamani wakiulizwa kwao hutaja Mbinga, maana wilaya yetu ilimegwa kutoka huko. Watu huishi kwa usipa na muhogo. Sikutegemea kwamba jibu la swali kuhusu ubongo lingekuwa na njia inayopita huku kwetu. Lakini nilipoanza kusoma, nilikuta kwamba kizuizi kinachoulinda ubongo, kile ambacho kiharusi hukibomoa, kilijulikana kwa msaada wa rangi moja ya buluu. Rangi hiyo ilitengenezwa ili kuua wadudu wa jamii ya wale wa malale, ugonjwa wa usingizi, na wakati ilipokuwa inafichua siri ya ubongo huko Ulaya, malale yenyewe yalikuwa yanasakwa kwenye ziwa letu na kwenye mto Ruvuma. Basi nikaamua kuifuata njia hiyo tangu mwanzo wake.

Mto Ruvuma

Nilipanda pikipiki kuelekea mashariki, nikiuacha mwambao nyuma, hadi Mitomoni, kwenye mto Ruvuma. Msumbiji si mbali na hapo. Kati ya ziwa na mto kuna misitu ya miombo, na misitu ya namna hii ndiyo makazi ya mbung'o: inzi wa kahawia, mkubwa kuliko wa nyumbani, ambaye akitua hukunja mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa.

Mwaka 1910, watafiti wawili wa Liverpool, Stephens na Fantham, walitangaza kwamba mgonjwa aliyeambukizwa katika bonde la Luangwa, Zambia ya leo, alikuwa na aina mpya ya vimelea vya malale. Aina hii huua haraka, kwa wiki na miezi, tofauti na ile ya magharibi inayochukua miaka. Mwaka 1912 watafiti Kinghorn na Yorke walionyesha kwamba inaenezwa na mbung'o wa porini. Kipindi hichohicho daktari David Bruce aliweka kambi Kasu, upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa, akichunguza damu ya watu na ya wanyama. Upande wetu, uliokuwa chini ya Wajerumani, daktari Max Taute alifuatilia malale ya mto Ruvuma na kuandika juu yake mwaka 1913.

Taute alitaka kujua kama vimelea vya nagana, vinavyoua ng'ombe, ndivyo vinavyoua watu. Alijidunga mwenyewe damu ya wanyama wagonjwa. Kisha mwaka 1919 yeye na mwenzake Huber wakachapisha taarifa kwamba walijidunga wao wawili na Waafrika 129. Hakuna aliyeugua. Wanasayansi waliitumia taarifa hiyo kwa miaka mingi. Nilisimama ukingoni mwa Ruvuma nikiwaza hesabu ile. Wawili walichagua wenyewe, na majina yao yako vitabuni. Wale 129 wamebaki tarakimu. Kila ninapoeleza maarifa haya kwa watu wa kwetu, nasema na hilo pia, kwa sababu deni lisilotajwa halilipwi.

Maji yaliyotolewa Entebbe

Malale yalikuwa yamekwisha kuangamiza kaskazini, huko Uganda. Kuanzia mwaka 1900 hivi, Busoga, Buganda na visiwa vya Sese vilipoteza watu zaidi ya 200,000. Mwishoni mwa mwaka 1902, mjini Entebbe, Aldo Castellani aliyachunguza kwa darubini maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akaona ndani yake vimelea vinajipindapinda. Hivyo ndivyo malale yalivyounganishwa na mdudu wake.

Maji yale aliyoyatazama ni yaleyale yaliyomo ubongoni. Ubongo una vyumba vinne ndani yake, na umeelea katika maji maangavu yanayoteremka hadi mgongoni. Na ugunduzi wa Entebbe ulificha swali jingine. Katika malale, vimelea hukaa kwanza kwenye damu. Mtu huwa na homa, tezi huvimba, lakini akili ni timamu. Baadaye ndipo vinaingia kwenye ubongo na maji yake, na hapo usingizi wa mchana, kuchanganyikiwa na kifo hufuata. Ikiwa damu hupita ubongoni kila sekunde, kwa nini mdudu achelewe kuingia? Ni kitu gani kinachomzuia mlangoni?

Daktari Robert Koch alikuja visiwa vya Sese mwaka 1906 na dawa ya aseniki iitwayo Atoxyl. Vimelea vilitoweka kwenye damu, kisha kwa wengi vikarudi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Mlango ule haukuwa umeeleweka bado.

Buluu

Huko Ujerumani, Paul Ehrlich alikuwa na tabia ya kudunga wanyama rangi ili aone ni viungo gani vinaipokea. Mwaka 1885 aliandika kwamba rangi fulani hupaka mwili mzima ila ubongo, ambao hubaki mweupe. Aliamini ubongo hauzipendi tu. Miaka mingi baadaye alizitafuta rangi zinazoweza kuua vimelea vya jamii ya malale, na mwaka 1904 yeye na Kiyoshi Shiga kutoka Japani walipata nyekundu iliyoponya panya. Mwaka 1906, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Nicolle na Mesnil wakapata ndugu yake: buluu ya tripani, iliyoitwa hivyo kutokana na jina la vimelea hivyo, tripanosoma.

Mwanafunzi wa Ehrlich, daktari wa upasuaji Edwin Goldmann wa Freiburg, ndiye aliyeichukua buluu hiyo na kuiuliza swali sahihi. Mwaka 1909 aliitia kwenye damu ya wanyama. Ini likawa buluu, figo ikawa buluu, ngozi ikawa buluu. Ubongo ukabaki mweupe, kama Ehrlich alivyosema. Lakini ndani ya vyumba vya ubongo palikuwa na kishada kimoja kidogo kilichoshika rangi. Mwaka 1913 akafanya kinyume chake: akaitia buluu moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Safari hii ubongo wote ukageuka buluu.

Hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Ubongo huipokea rangi vizuri kabisa, ila upande wa damu pana kitu kinachoizuia. Goldmann alifariki mwaka uleule. Mwaka 1921, Lina Stern, profesa wa Geneva, alikipa kitu hicho jina linalotumika hadi leo: kizuizi kati ya damu na ubongo. Mama huyu baadaye alihamia Moscow, na mwaka 1949, akiwa na miaka zaidi ya 70, utawala wa Stalin ulimtia gerezani. Aliokoka, akaishi hadi mwaka 1968. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Reese na Karnovsky wa Harvard walikiona kizuizi chenyewe kwa darubini ya elektroni: seli za ukuta wa vishipa vya ubongo zimeshikamana ubavu kwa ubavu, bila upenyo, kama mbao za mtumbwi uliozibwa vizuri.

Kutoka katika ukoo wa rangi hizo ilizaliwa suramini, dawa isiyo na rangi iliyotengenezwa na kampuni ya Bayer mwaka 1916 na kuletwa Afrika kwa majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1920. Iliponya malale ya damuni. Malale yaliyokwisha kuingia ubongoni haikuyaponya, maana ilikuwa imerithi tabia ya mama yake buluu: huzuiwa palepale.

Kishada kinachotoa maji

Kile kishada kilichoshika buluu ndicho kilichonifanya niielewe siku ya nne ya mjomba. Madaktari wanakiita kishada cha koroidi. Kinaning'inia ndani ya vyumba vya ubongo kama majani ya ziwani yanavyoning'inia kwenye jiwe, kimejaa vishipa vya damu. Vishipa vyake, tofauti na vya sehemu nyingine nyingi za ubongo, vina matundu, ndiyo maana rangi ilitokea humo. Ila juu ya vishipa hivyo kuna tabaka la seli zilizoshikamana, na hilo ndilo lango la pili: kizuizi kati ya damu na maji ya ubongo. Seli hizo huchuja damu, huchagua chumvi, na kutoa maji maangavu. Mtu mzima ana mililita 150 tu za maji hayo kwa wakati mmoja, nusu ya chupa ya soda. Lakini kwa siku hutengenezwa kama nusu lita, kwa hiyo hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya jua kuchomoza na kuchomoza tena.

Sisi wa mwambao tunaweza kulielewa hili kuliko wengine. Ziwa letu huingiziwa maji na mito mingi, Ruhuhu ukiwa mmoja wao, nayo hutoka kwa mlango mmoja, mto Shire kule Malawi. Kuanzia mwaka 1915 mlango ule ulizibwa na mchanga na majani. Kwa karibu miaka 20 ziwa halikutoa maji, likapanda mita kadhaa, hadi katikati ya miaka ya 1930 lilipojifungulia njia. Kichwani ni vivyo hivyo, isipokuwa ziwa lina fukwe za kupanda na fuvu ni mfupa. Mtoto mchanga ambaye maji yake hayatoki huota kichwa kikubwa, kwa kuwa mifupa ya fuvu lake bado haijaungana. Mjini Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf alianza miaka ya 2000 kuwatibu watoto hao kwa kuyafungulia maji njia mpya na kuichoma sehemu ya koroidi ili ipunguze kutoa. Mtu mzima hana nafasi ya kutanuka. Maji yakizidi, ubongo ndio hubanwa.

Siku nne za mjomba

Sasa naweza kuzisimulia siku zile nne upya.

Viharusi vingi huanza pale donge la damu linapoziba mshipa. Vingine, ambavyo Afrika vina sehemu kubwa kuliko Ulaya, huanza kwa mshipa kupasuka. Katika kile cha kuziba, seli zilizokosa damu huishiwa nguvu ndani ya dakika. Pampu zake za chumvi husimama, chumvi huingia, maji huifuata. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba chanzo cha kwanza cha uvimbe ni maji ya ubongo yenyewe: hukimbilia kwenye nyama ya ubongo kando ya mishipa, mapema sana, kabla kizuizi cha damu hakijabomoka. Asubuhi ile, mjomba akiwa kwenye mkeka, jambo hili huenda lilikuwa limekwisha kuanza. Lakini kando ya eneo lililokufa palikuwa na eneo pana zaidi lililolala tu, likisubiri damu. 

Saa zinavyopita, seli za kinga huja na vimeng'enya vinavyokatakata gundi ya vishipa. Mbao za mtumbwi zinaachana. Majimaji ya damu, pamoja na protini zake, yanavuja ndani ya ubongo na kuvuta maji mengine. Koroidi nayo haibaki salama. Katika wanyama waliochunguzwa, damu yake hupungua, baadhi ya seli zake hufa, lango lake hulegea, na chembe nyeupe za damu hupenya kupitia humo hadi kwenye vyumba vya ubongo, hata kama donge liko mbali na hapo. Pale damu inapomwagika ndani ya vyumba hivyo, hali ni mbaya zaidi: mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba koroidi ya panya iliyovimba kwa sumu ya damu hiyo hutoa maji mara tatu au zaidi ya kawaida. Katika majeraha hayohayo, tishu hiyo hutoa pia kemikali zinazosaidia ubongo kujijenga upya. Ndiyo maana wanasayansi hawataki kuizima. Wanataka kujua namna ya kuituliza.

Uvimbe wa kiharusi kikubwa hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Hapo ubongo husukumwa kuelekea tundu la chini la fuvu, mahali penye vituo vya pumzi. Pumzi inakwenda na kusimama. Hiyo ndiyo siku ya tatu niliyoiona, na siku ya nne tuliyoililia.

Kwa hiyo kiharusi si pigo moja. Ni bomoabomoa ya siku kadhaa, inayoanza na mshipa na kuendelea kwenye malango. Hata dawa ya kuyeyusha donge, inayotumika tangu miaka ya 1990, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, kwa sababu baada ya hapo vishipa vinakuwa vimedhoofika na damu ikirudi inaweza kuvipasua. Na haitolewi kabla ya kichwa kupigwa picha kuhakikisha kwamba hakuna kinachovuja damu. Zahanati za mwambao hazina kipimo hicho. Tunachokipata huku ni vitu vidogo vyenye thamani kubwa: kumfikisha mgonjwa mapema anapoweza kuangaliwa pumzi yake, maji yake na sukari yake, na kumpima mtu presha miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Hili si tatizo la Ulaya lililotuparamia kwenye vitabu. Utafiti wa miaka 2003 hadi 2006 uliongozwa na Richard Walker katika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, ulikuta viharusi vipya kama 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000 huko Hai, na kama 316 Dar es Salaam, idadi iliyo juu kuliko ya nchi nyingi tajiri. Shinikizo la damu lisilotibiwa ndilo lililotangulia mbele ya mengi ya mapigo hayo.

Kurudi

Njia ya buluu haijaisha. Katika hospitali ya Rumphi, Malawi, ng'ambo ya ziwa, na ile ya Lwala, Uganda, wagonjwa wa malale ya aina yetu ya mashariki walijaribiwa vidonge vya feksinidazoli, dawa inayomezwa na kuvuka kizuizi hadi ubongoni. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kilichomshinda Koch kule Sese, na suramini baada yake, sasa kinafanywa na kidonge. Safari hii wagonjwa waliulizwa kwanza, na waliokubali ndio waliotibiwa. Nawakumbuka wale 129 wa Taute ninapolisoma hilo.

Nilirudi Chiwanda jioni, nikapita kumsalimu mkaza mjomba. Alikuwa anaanua usipa kwenye kichanja. Nilimweleza yote niliyoyajua, taratibu, kwa lugha ya mto na ziwa. Alinisikiliza bila kuacha kazi, kisha akauliza swali moja:

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza alikuwa bado yupo?"

"Alikuwepo, mama."

"Na sisi tulikuwa tunasubiri upepo umtoke."

Sikumwambia kwamba tungemwokoa, kwa kuwa hakuna anayeweza kuliapia hilo. Nilimwambia kwamba mlango ulikuwa bado umefungwa, na kwamba kila saa ilikuwa ya thamani. Alinyamaza hadi samaki wote wakawa ndani ya kapu. Kisha akajifunga khanga vizuri, akavuka hadi nyumba ya pili kwa kijana mwenye pikipiki. Nilimsikia akimwambia: mtu akipinda uso, akishindwa kuinua mkono, au maneno yakimpotea, uje saa hiyohiyo, usiku au mchana, usiulize nauli. Kijana akajibu, "Sawa, bibi." Mkaza mjomba akamrudisha nyuma na kumtaka arudie mambo matatu yale, moja baada ya jingine, mpaka akayashika.